Sehemu

Saa moja na nusu asubuhi, Govan, nje bado giza,
naosha zabibu chini ya bomba.
Sheria iko ukutani, imeshikwa na sumaku ya bata:
kila zabibu ipasuliwe kwa urefu,
halafu tena kwa urefu,
isije ikamkwama mtu kooni.
Watoto ishirini na watatu, zabibu tano tano,
mia moja na kumi na tano, mara nne,
mia nne na sitini.
Sikuhitaji kalamu.

Nilikuwa mwalimu wa hesabu, Darasa la Tano, Korogwe,
miaka kumi na tisa.
Nilichora mstari ubaoni nikasema:
kiasi juu, asili chini,
na chini pasikae sifuri, abadani.
Hapa Glasgow mtu akiniuliza asili yangu,
tuko kituoni, mvua inatupiga ubavuni,
kichwa changu cha zamani
hutazama kwanza chini ya mstari.

Saa tatu, uji wa oti.
Mababu zao waliutia chumvi, mimi naupondea ndizi.
Wiki ya kwanza nilijisahau, nikaita: Uji tayari!
Sasa ni vijiko ishirini na vitatu vinavyogonga meza,
uji, uji, uji,
na mama yake Ruaridh, bado na sare ya hospitali,
amenishika mlangoni:
Huyu usiku analia anataka uji.
Nimeutafuta madukani wiki nzima.
Nikamwambia: Unao kabatini.

Jikoni kuna kidirisha cha kupitishia sahani.
Kupitia hapo namwona Haroon kwenye beseni la maji,
anamimina kikombe kidogo ndani ya kikubwa.
Hakijai.
Anakitazama kama kimemdanganya.
Anamimina tena. Hakijai. Tena.
Mimi nilifundisha ujazo kwa chaki,
mvua ikinyesha juu ya bati,
bila tone moja la maji darasani.
Wanisamehe wale watoto, sasa ni watu wazima.

Bi Catriona anawavika makoti ya plastiki, wanatoka mvuani.
Mvua haiwazuii huku; ikiwazuia, watatoka lini?
Wanarudi na viatu vilivyobadilishana miguu
na nyungunyungu mmoja mfukoni mwa Struan,
ambaye anahesabiwa, anasifiwa,
anarudishwa nje.

Mchana ni nyama ya kusaga, karoti, viazi vya kuponda.
Struan hali chakula kilichogusana.
Namjengea ukuta wa viazi, karoti huku, nyama kule.
Anaukagua kwa kidole. Unatosha. Anakula,
na akimaliza pande zote mbili anaula na ukuta.

Kisha magodoro. Taa zinapungua.
Nasugua sufuria kwa sponji, si kwa steliwaya,
kwa sababu Zofia husikia hata mlango wa friji ukiwaza kufunguka.

Jioni abaki Mhairi. Treni ya mama yake imechelewa.
Bi Catriona anajaza makaratasi, basi Mhairi anakaa jikoni nami,
miguu inaning'inia mbali na sakafu.
Nachukua tofaa, nalikata katikati.
Ualimu haufi; nikamuuliza:
Nusu na nusu, ukiziweka pamoja, unapata nini?

Akazichukua. Akazibana. Akageuza,
akaona ule mstari unaozunguka,
mwembamba, umeanza kuwa kahawia.
Akanitazama kwa huzuni ya daktari.
Limeumia, akasema.

Akashuka. Akaomba plasta.
Zile za bluu, za jikoni, sanduku lipo juu ya sinki.
Tulitumia mbili.

Ilipofika saa kumi na mbili na dakika tano mama akafika akitweta,
Mhairi akaondoka bila kuaga, kama watoto wanaojua kesho ipo.
Nami nikaandika kwenye kibandiko, kama sheria inavyotaka,
jina lake, tarehe, kilichomo:
tofaa, moja.
Nikaliweka kwenye friji, rafu ya pili,
nikafunga mlango polepole
ingawa hakuna aliyelala.