Maji Yasiyo na Mita

Mjini Lewiston, ghorofa ya tatu,
maji yalikuwa na karatasi.
Ilikuja kila baada ya miezi mitatu,
na Kashindi aliisoma wima, koti hajavua,
kisha akagonga mlango wa bafu:
"Asende, unaoga au unahamisha mto?"
Yalinuka klorini. Chai ilikuwa na ladha
ya bwawa la kuogelea la shule.
Tuliyasengenya, tukayanywa.

Kisha tukanunua nyumba hii msituni,
ng'ambo kidogo ya pale bomba la mji linapochoka.
Linachokea kwa Lorraine Pelletier:
nje kwake kuna bomba la mwisho la zimamoto,
jekundu, limevaa kofia ya theluji,
na kutoka hapo hadi mlangoni petu
ni hatua mia nne na sitini.
Nimezihesabu. Nitasema kwa nini.

Tulipewa funguo, tukapewa na kisima.
Fundi Gagnon alikigusa kifuniko kwa ncha ya buti:
futi mia tatu na kumi, zote mwamba.
"Haya ni yenu. Hakuna wa kuwadai."
Kashindi alikunywa glasi tatu pale pale,
akafuta mdomo kama mtu aliyeshinda kesi.
Na yalikuwa matamu, nisiseme uongo.
Baridi ya kuuma meno,
maangavu hata glasi iliyojaa ukaidhania tupu.

Mita hakuna. Lakini nyumba ina sauti.
Chini ya ngazi, kando ya tangi la buluu,
swichi husema *tak*,
na pampu huanza kuguna ndani ya mwamba,
nami kitandani hujua:
huyu Asende, ameamka kunywa;
hii ndefu ni Kashindi, katoka zamu ya usiku,
anajisugua unga wa kiwanda cha mikate;
na hii fupi, fupi, fupi,
choo kinavuja, kesho nikitazame.
Nilizijua siri za watu wangu kwa lita.

Januari barafu ikakata nyaya.
Siku tatu bila umeme,
na kisima chetu, chetu kabisa,
kikawa pesa iliyofungiwa benki.
Niliyeyusha theluji kwa ajili ya choo:
ndoo nzima ya weupe,
kikombe cha maji na sindano za msonobari.
Kwa Lorraine yalitoka kama kawaida.

Machi, muuguzi wa kliniki akauliza
swali ambalo sikuwahi kuulizwa nchi hii:
"Mnakunywa maji gani?"
Nikajaza chupa ya maabara, nikaiposti.

Aseniki. Kumi na nne, na kikomo ni kumi.
Kumi na nne ndio umri wa Asende.
Haina harufu, haina rangi,
haikumwagwa na mtu wa kushtakiwa;
ilikuwemo mwambani kabla ya hati za viwanja.
Barua iliongeza kwa adabu:
kuoga mwaweza, kunywa msinywe.
Nilicheka peke yangu jikoni.
Maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga, walisema wahenga.
Habari ya chai hawakuigusa.

Chujio, dola elfu mbili na mia nane.
Kuvuta bomba kutoka kwa Lorraine, mwamba wa kulipuliwa,
bei yake sijaitamka nyumbani hadi leo.

Basi Jumamosi tunavuta madumu matatu
juu ya kigari cha plastiki cha kutelezea theluji.
Lorraine hufungua bomba la gereji.
Kashindi alitoa noti; bibi akaikataa,
akaonyesha daftari kwenye msumari:
"Andika tu, nijue mita yangu haijarukwa na akili."
Ninaandika. Sitini. Sitini. Sitini na tano,
siku ile tuliyokuwa na wageni.

Kashindi anakunywa chai yenye klorini
na hasemi neno.
Usiku Asende akiamka na kiu
pampu haiguni tena.
Nasikia nyayo, kimya kidogo,
kisha dumu likiinamishwa polepole,
kwa mikono miwili, lisimwage.