Mwimo wa Mlango

Tandale kwa Mtogole, saa nne asubuhi.
Nimeshika tepu, fomu, na simu yenye ramani;
humo nyumba hii ni kidoa cha rangi ya chungwa.
Nyuma yake mto, jina lake Ng'ombe.
Siku nyingi hauzidi upana wa kamba ya kumfungia.

Swali la kwanza: maji yalifika wapi?

Bi Mwanamvua hajibu kwa sentimita.
Anafungua mlango, ananionyesha miimo.
Kushoto, kwa penseli, urefu wa mjukuu:
Kondo miaka mitatu, Kondo minne, Kondo kaanza shule.
Kulia, kwa mkaa, maji:
mstari wa goti, mstari wa nyonga,
na ule wa masika ya juzi, ulioyumba,
alioupiga akiwa amepiga magoti juu ya meza.
"Wamekua pamoja," anasema.
"Ila mmoja simlishi, naye ndiye arefukaye upesi."

Fomu inataka neno moja: hatari ni ya juu, ya kati au ya chini?
"Chini ni hapa, mwanangu. Chini ndio sisi.
Wa juu wanatuletea mvua yao na makopo yao."

Swali la tisa: mna mpango?
Ananitazama kana kwamba nimemuuliza kama ana magoti.
Kitanda kimepanda matofali matatu.
Vyeti, hati ya mauziano, picha ya marehemu,
vyote ndani ya nailoni, vinaning'inia kwenye boriti.
Kondo anajua: mfereji ukivuma, alale.
Ukinyamaza ghafla,
aamshe wapangaji wote,
aanze na Mzee Chambuso wa chumba cha uani,
kwa kuwa hasikii.

Fomu imeupa mpango mstari mmoja.
Nimejaza pembeni, nimegeuza karatasi.

"Na ninyi? Wa kwenu ukoje?"
Namwambia mto utapanuliwa. Upana wake naujua
mpaka nukta ya pili.
"Na mimi nitalala wapi?"
Natafuta swali hilo, ukurasa hadi ukurasa.
Halimo.

Kondo anatoka, kaptula ya shule, zamu ya mchana,
anauona utepu, anasimama mwenyewe mlangoni,
visigino ukutani, kidevu juu, anadanganya kidogo.
Bibi ananipa penseli.
Napiga mstari, naandika tarehe.
Bado shubiri moja ayafikie maji.