Zimebaki Mara Mbili

Kabla ya chai nachomeka diski sita,
moja baada ya moja, kwa nyaya fupi zilizochakaa shingoni,
na kompyuta inazigawia herufi kwa jinsi zilivyowahi,
kama namba za wagonjwa zahanati:
aliyetangulia ni E, anayefuata F,
haijali jana nani alikuwa nani.
Ndiyo maana nimezibandika plasta,
nikaandika kwa wino mzito
HARUSI, TUMBAKU, KWAYA, KASANDA, NYAMIZI.
Ya sita ina plasta tupu.

Kila moja inauliza neno lake.
Harusi inafunguka kwa bei ya kamera yangu ya kwanza
na jina la aliyenikopesha; sijamaliza kumlipa,
kwa hiyo sisahau.
Tumbaku ni ya chama cha msingi, huko Sikonge:
kilo, madaraja, makato.
Katibu alininong'oneza nywila mlangoni,
akatazama barabara, akanong'oneza tena
kwa kuwa mara ya kwanza alikosea mwenyewe.
Kwaya waliweka mstari wa zaburi, bila nafasi;
vidole vyangu vimekuwa vya muumini.
Kasanda alihamia Mpanda, akaniachia diski
na deni la picha za pasipoti.
Simu yake haipatikani. Neno lake ninalo:
ni jina la mwanamke ambaye si mkewe.
Nalichapa kila asubuhi, sijawahi kulitamka.

Ya Nyamizi, mke wangu, anaifungua mwenyewe.
Naondoka kitini, nageukia ukuta,
nasikia vitufe: saba, kimya, vinne.
Miaka kumi na tisa ya ndoa,
na ninachojua ni kwamba herufi ni kumi na moja.

Shija, kijana wangu wa dukani, ananicheka:
"Mzee, weka neno moja kwa zote, umalize."
Namwambia nyumba ya vyumba sita yenye ufunguo mmoja,
mwizi atachagua kitanda.
"Basi andika daftarini."
Niliandika. Mchwa wa Tabora hawana itikadi na siri;
walianzia jalada la nyuma,
wakaila ya sita kwanza.

Hiyo niliifunga mimi, kwa mkono huu.
Ndani kuna mwaka wa kwanza wa studio,
kuna mama anapepeta karanga uani, Isevya,
hataki kupigwa, anatoa ulimi,
na sauti yake: zima hicho kidude.
Nimejaribu tarehe. Nimejaribu jina la mbuzi,
namba ya behewa lililotuleta kutoka Kaliua,
michembe kwa herufi ndogo, halafu kwa kubwa.
Kompyuta, kwa adabu ya karani wa benki:
Neno si sahihi. Zimebaki mara mbili.
Kisha diski itajifuta.
Sijagusa tena tangu kiangazi kile.
Shija anasema ifomati, diski ni nzima, tupate nafasi.
Namtuma vocha.

Jana saa tano umeme ulikatika,
Kanyenye nzima ikashusha pumzi:
feni ya kinyozi, jokofu la soda, mashine ya kusaga.
Nyuma ya pazia la studio
vitaa sita vya bluu vikafa pamoja.
Nikakaa humo na harufu ya vumbi lililopata moto,
na kwa muda ule hapakuwa na ninayoijua na nisiyoijua.
Zote sita zimefungwa. Zote zina watu ndani.

Saa saba jokofu la jirani likaguna.
Nikaanza upya. E: bei, jina la mdai.
F. G. H: yule mwanamke.
Nikamwita Nyamizi, nikageukia ukuta.
Saba, kimya, vinne.
Ya sita nikaichomeka pia,
ikapewa herufi yake kama wenzake,
kisanduku kikafunguka, kistari kikaanza kupepesa
pale neno linapotakiwa.
Nikakiacha kinapepesa,
nikaenda kumpiga picha mtoto wa watu aliyekuwa analia.