Kichwa Kisicho na Jina

Chini ya hospitali ya Kushiro,
theluji imeziba kidirisha kimoja kilichopo.
Chizuru ameshika waya wa kioo, mwembamba kuliko unywele,
kichwani kofia ya chuma asiyoijua.

Si ule wa mraba, unaosukumwa ukalia tiki.
Si ule wa kubana na kuzungusha, kama balbu ya zamani.
Huu una hesi,
na jino moja dogo ubavuni.

Anapima ncha: milimita mbili kamili,
nusu pungufu ya wenzake.
Katika matundu ya leo utapwaya tu.

Hachungulii.
Mwanga usioonekana ndio uchomao jicho.

Anapangusa vumbi la kibandiko. Mwandiko wa Hirabayashi,
aliyestaafu yeye hajazaliwa:
“Usiukate. Bado unasema.”