Saa Saba Kamili, Lango la Matrah

Tiketi imesema: saa saba mchana, si kabla.
Saa mbili asubuhi Zuwena keshakalia sanduku
nje ya lango la bandari,
buibui kalikaza kiunoni kama mwenda kisimani.
"Meli haimngoji mtu."
"Wala haikimbizwi," nikamjibu,
jua likanitandika kisogoni.

Mlinzi, kijana wa Sur, akatuletea maji mara mbili.
Mara ya tatu akaleta kiti.
Kimoja.

Ndipo wakaanza kushuka wale wa safari iliyokwisha,
pua zimebabuka, vifurushi vya ubani mkononi.
Bibi mmoja akageuka kuitazama meli
kama aliyesahau kitu jikoni.
Zuwena akanifinya:
"Huyo ndiye aliyelala kitandani mwetu."
Tukamsindikiza kwa macho hadi kwenye teksi.

Saa saba wakaja wenye akili zao,
wameoga, wameshiba, wakapita moja kwa moja.
Sisi tulikuwa tunasali;
tukaingia nyuma yao, tumelowa jasho.

Chumbani, mto umeshabadilishwa foronya.
Zuwena akauwekea kiganja, akanyamaza kitambo,
kisha akasogeza pazia.

"Siku ya kushuka," akasema, "tuchelewe."