Hasi

Buhuri, miaka ishirini na sita, mshika koleo nilikuwa mimi.
Sechonge wa Koleo, waliniita,
kwa kuwa wenzangu walifumba macho.
Ndama unamwangusha kwa ubavu,
kamba miguuni, goti langu shingoni,
unautafuta mshipa kwa vidole, polepole,
kama atafutaye sarafu kwenye pindo la kanga,
kisha unabana.
Hakuna damu. Ndiyo sifa ya koleo, hakuna damu.
Halafu daftari: namba, rangi, umri,
na safu ya mwisho, kwa wino mwekundu: HASI.

Jana Bombo, chumba namba nne,
Daktari Kilasara, makamo ya mjukuu wangu,
akanisogezea karatasi.
"Majibu ni chanya, babu."
Nikatabasamu. Chanya nilijua ni jambo jema.
Akanieleza: tezi imetoka kwake,
imetia mguu nyongani, inapanda uti wa mgongo,
na chakula chake ni kile kile
kilichonifanya baba wa watoto saba.
Tuikatie riziki, alisema. Njia ni mbili.

Sindano, kila miezi mitatu,
inakiambia kiwanda kizime mitambo
ila majengo yanabaki.
Ukiacha kuchoma, huenda moshi ukaonekana tena bombani.
Huenda.
Au kisu: nusu saa, ganzi ya mgongoni,
hakuna tena tarehe ya kukumbuka.
"Zote zinafika pale pale," alisema.
"Hamu itaondoka, babu. Usitegemee vinginevyo."
Hakutazama pembeni aliposema hivyo. Nilimheshimu.

Nikaikokota baiskeli hadi Barabara ya Kumi na Tatu;
tandiko siku hizi halinitaki.
Hoza akapiga simu kutoka Dodoma:
"Sindano, baba! Kisu hapana! Tutachanga!"
Sauti ilimtetemeka kama ya mtu
aliyeshikwa yeye miguu.
Sindano moja, mbuzi watatu.
Mwaka, mbuzi kumi na wawili.
Nina mbuzi watano, na mmoja ana kikohozi.

Mwanapili alikuwa anachagua mchele.
Yeye huchagua kila siku, wala haitishi kikao.
Nikamwambia yote, hata lile joto la ghafla
nililoonywa kwamba litaniamsha usiku nimelowa.
Akacheka hadi ungo ukamwagika.
"Mwaka ule nawaka mimi, ulihamia sebuleni,
ukasema kitanda kimekuwa tanuri la chokaa.
Karibu, mume wangu. Feni ni moja, tutagombania."

Usiku nikawakumbuka maksai wangu.
Walinenepa shingo, wakavuta mkokoteni wa maji,
wakanilamba kiganja chumvi,
mkono ule ule.
Sikumwuliza hata mmoja.

Nilidhani amelala.
"Mimi nilifungwa kizazi baada ya Hoza," alisema gizani.
"Nakumbuka," nikasema.
"Unakumbuka nini? Daktari alikuuliza wewe.
Nilikuwa pale kitandani, nasikia.
Ulisaini umesimama, funguo za baiskeli mkononi."
Feni ikazunguka.
"Sikusema ungekosea. Huenda ningekubali.
Nasema hukugeuka."

Sikuwa na neno. Hata sasa sina.
Nilinyoosha mkono, nikaukuta wake,
haukunifuata wala haukuondoka.

Leo tumekwenda wawili.
Nimesema kisu. Nimesema mwenyewe, kwa sauti,
na karani akaniomba nirudie.
Nikaandika jina langu lote
kwa mwandiko ule wa daftari, herufi zimesimama.
Kwenye mstari wa shahidi nikampa Mwanapili kalamu.
Hakusaini.
Akavaa miwani, akaivuta fomu karibu,
akaanza kuisoma kutoka juu,
kila neno, kidole kikifuata,
hata namba ya simu ya hospitali,
na daktari alipotazama saa
nikamwambia, mwache.