Dominika Msituni

Kwenye daftari la lango aliandika: Ismay Laurent.
Nchi: Dominika.
Nikacheka. Bibi, hiyo ni siku, si nchi.
Kanisani kwetu Padre Gichuhi huitangaza kila wiki.
Akacheka kunizidi. Ni siku, ndiyo:
mabaharia walikiona kisiwa Jumapili
wakakibandika jina la siku, kama mtoto wa kuokotwa.

Mkutano wake wa Gigiri ulikuwa umekwisha,
ndege ni usiku, na miguu, alisema, imechoshwa na zulia.

Nikamtembeza Karura kama ninavyotembeza wote.
Mianzi. Mugumo. Mbega juu, wakitudondoshea maganda.
Tanuri la zamani ambamo Benki Kuu ilichoma noti zilizochakaa;
hapo kila mgeni hunitania
eti sikuwahi kuokota hata moja?
Yeye aliuliza moshi wake ulinukaje.
Miaka kumi na mmoja kazini, sikujua.

Kwenye maporomoko akachovya mkono, akautoa upesi.
Nikamwambia: ndilo jina la mji huu, maji baridi,
Wamaasai waliyaita hivyo kabla reli haijaja kulala hapa.
Akasema kwao liko ziwa linalochemka mlimani
kama sufuria ya githeri iliyosahauliwa jikoni
(githeri ni yangu, yeye alitaja chungu),
unapanda saa tatu kwenye tope linalonuka kiberiti
na siku nyingine ukifika mvuke umelifunika lote,
unarudi umeona wingu,
na umelipa.

Kisha pango.
Maneno yangu ya pango nimeyasema mpaka yameota sugu:
Hapa ndipo wapiganaji wa msituni walipojificha.
Natulia. Watu wanagusa ukuta. Popo hunisaidia.
Yeye hakugusa. Alivua viatu, akavishika mkononi,
akasimama mlangoni, unyevu ukimpanda visigino.
Kwetu pia wapo, alisema, waliotoroka mashamba ya miwa.
Walichonga ngazi mwambani, kila kidato chapita goti,
ili askari mwenye buti apande peke yake, akihema.
Marehemu baba alikuwa mtembezaji, kama wewe.
Neno lako hilo alinikataza.
Kujificha ni kwa panya, alisema. Hawa walihama.

Sikumjibu.
Nilimkumbuka nyanya Gathoni, wa Kiambaa,
aliyekuja upande huu na kiondo cha viazi vitamu
na chini ya viazi, kitu kingine.
Hadi anakufa hakuniambia ni pango lipi.
Alisema tu: nilikuwa naenda kuwaona watu.
Kuwaona. Kama mtu anayekwenda ugenini na zawadi.

Jumatatu walikuja wanafunzi kutoka Ruaraka, sitini na wawili.
Mlangoni mwa pango nikafungua kinywa,
neno la zamani likaja mbio lenyewe. Nikalimeza.
Hapa, nikasema, hapa watu walihamia.
Msichana mwenye mkoba wa kijani akauliza: Na vitanda?
Darasa likaangua kicheko, mwalimu akakunja uso,
nami nikaduwaa, maana lilikuwa swali zuri.

Dominika ya kumi na tano ya mwaka, Padre akatangaza.
Nilikuwa benchi la nyuma.
Harufu ya kiberiti ikanijia, nikageuka kutazama mlango.
Ni mtoto wa altare tu,
anauwasha tena mshumaa uliozimika.